Daktari Kasema Zisifutike

Mwaka wangu wa kwanza wa kusomea ubingwa wa tiba ya mionzi nilikuwa naringa mpaka najikera mwenyewe. Nilikuwa nimefanya kazi hospitali ya wilaya Newala miaka mitatu, nikishona majeraha ya mapanga na kuzalisha, ilipokuja barua kwamba nimechaguliwa kwenda Dar es Salaam kujifunza kutibu saratani kwa mashine. Mama aliichukua ile barua akaizungusha mtaa mzima. Mjomba wangu wa Masasi, ambaye hakubali kupitwa na habari, alikwishatangaza sokoni kwamba mpwa wake anakwenda kusomea kuchoma watu. Alipoulizwa kuwachoma kwa nini, alijibu kwamba hiyo ndiyo elimu yenyewe, na wao wataielewea wapi. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imeachiwa huru. Kila siku kilipanda kitu kipya kutoka pwani: mitumba, mabasi ya watu binafsi, wanunuzi wa korosho wenye mizani zao wenyewe. Daktari wa kuchoma watu hakumshangaza mtu sana.

Darasani tulikuwa watatu. Mwalimu wetu alikuwa profesa mfupi, mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ukikohoa umekosa somo. Fizikia ilinitoa jasho. Nilikuwa nimeiacha sekondari nikidhani tumeachana kwa amani, kumbe ilikuwa inanisubiri. Tulifundishwa kwamba mionzi haionekani, hainuki, wala haiumi wakati inapoingia mwilini, na kwa sababu hiyo kazi yote iko kwenye vipimo: umbali gani, dakika ngapi, na hasa wapi. Hiyo "wapi" ndiyo iliyochorwa kwenye ngozi, ili mashine iifuate. Kabla ya kuruhusiwa kugusa ngozi ya mtu tulichora mapapai. Mwalimu alileta kapu zima, kila mmoja akapewa rula, kijiti chenye pamba na jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda, tukaambiwa tuuwekee mipaka uvimbe uliomo ndani ya papai kwa imani tu. Baada ya somo tuliyala. Nilitembea na midomo ya zambarau siku mbili, na nilikuwa na furaha isiyo na kiasi.

Katika yote niliyofundishwa, niliipenda sentensi moja kupita zote. Mwalimu aliwaambia wagonjwa kila alipomaliza kuchora: "Alama hizi zisifutike." Siku ishirini na tano mashine ilipaswa kupiga ndani ya mipaka ileile, kwa hiyo mgonjwa asisugue pale, asipake mafuta, aoge kwa kukwepa. Nilikuwa naifanyia mazoezi sentensi hiyo bwenini mbele ya kioo, mara kwa upole, mara kwa ukali, mara na kidole juu. Kidole juu kilinipendeza zaidi.

Ndipo akaja bibi wa Mnyambe. Alikuwa amekatwa titi la kushoto katika hospitali moja ya misheni kule kwetu, jeraha limefunga vizuri, akaletwa Dar es Salaam apigwe mionzi kifuani ili masalia ya ugonjwa yasipate pa kuotea. Mwalimu alitueleza wazi: bila mionzi ugonjwa utarudi, na ukirudi hapo hapana tena cha kukata. Mimi wakati huo nilikuwa namwangalia bibi usoni. Alikuwa na nembo za Kimakonde, zile chale za pembepembe zilizopangwa mashavuni na kwenye paji, na kwa kuziona tu nilijisikia nimefika nyumbani.

"Shikamoo, bibi," nikasema kwa Kimakonde kilichojaa furaha.

"Marahaba, mke mwenzangu," akajibu papo hapo, bila hata kuuliza mimi ni wa nani.

Kwetu bibi na mjukuu wake wa kike hutaniana kuwa ni wake wenza, na kwa umri yule alikuwa bibi yangu hata kama hatukuchangia ukoo. Akaendelea: "Mume wetu nimemwacha na korosho. Ukitaka kumwiba, wahi." Mwalimu aliuliza kama tunafahamiana. Nikamwambia ndiyo, tumeolewa na mume mmoja. Akaandika kitu kwenye faili, na mpaka leo sijui aliandika nini.

Siku hiyo nilipewa nimchore. Alikuwa mgonjwa wangu wa kwanza ambaye si papai. Mwalimu alipima, akajaza vipimo kwenye karatasi, kisha akaitwa wodini akaniachia rula na jivii. Bibi alikuwa amelala chali akiangalia dari.

"Mkono unatetemeka," akasema.

"Hautetemeki, bibi."

"Unatetemeka. Aliyenichora mimi usoni hakutetemeka, na alitumia kisu."

Nikacheka, na mkono ukazidi. Nilivuta mistari minne, juu, chini, katikati na ubavuni, nikairudia kwa jivii mpaka ikang'aa. Foleni ya mashine ilikuwa ndefu, zamu yake ilikuwa baada ya wiki sita. Mjini hakuwa na pa kulala, na korosho zilikuwa zinaanza kuanguka, kwa hiyo aliruhusiwa kurudi nyumbani kungoja. Kila mtu pale alijua kwamba akirudi tutamchora upya kwa kufuata karatasi. Hata mimi nilijua. Kuchora kwa siku ile kulikuwa ni kwa ajili yangu mimi mwanafunzi, nizoee. Lakini bibi alipokuwa anajifunga khanga, ile sentensi ya kwenye kioo ilinitoka yenyewe.

"Bibi, alama hizi zisifutike."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakaporudi."

Akanitazama. "Wiki sita?"

"Zisifutike kabisa," nikasema, na kidole nikakiinua.

Zamu yake ikafika, yeye hakufika. Tuliita Newala kwa simu ya upepo, nao wakamtuma mtu kwa baiskeli hadi Mnyambe. Kesho yake jibu likaja katikati ya mikwaruzo. Mgonjwa anashukuru sana. Mgonjwa amepona.

Mwalimu akavua miwani. "Amepona kwa kitu gani?"

Mikwaruzo. "Kwa matibabu ya daktari."

"Daktari yupi?"

Mikwaruzo mirefu. "Anasema yule mke mwenzake."

Wenzangu wawili walilala juu ya meza kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema nafasi ya bibi inaweza kushikiliwa mpaka Jumatatu ya wiki inayofuata, basi. Ikipita hiyo anarudi mwisho wa foleni, na ugonjwa hautamsubiri huko. "Ni mgonjwa wako," akaniambia kwa ile sauti yake ya chini. "Mfuate."

Nikapanda basi. Aliyewahi kwenda kusini miaka ile hahitaji kuelezwa safari, na ambaye hajawahi hataniamini. Tulingoja kivuko cha Rufiji nusu siku, tukakwama kwenye mchanga mara tatu, abiria wote tukashuka tukasukuma, mimi na shahada yangu. Masasi nililala kwa mjomba, ambaye aliniita mchoma watu mbele ya wageni wake kwa fahari kubwa. Asubuhi nikapanda Newala, nikaazima baiskeli ya muuguzi mmoja niliyefanya naye kazi, nikaelekea Mnyambe nikipita katikati ya mikorosho yenye harufu kali ya mabibo yaliyoiva. Ilikuwa Jumatano. Basi la kutuwahisha Jumatatu lilikuwa la Ijumaa alfajiri kutoka Masasi. Nilikanyaga pedeli huku naimba.

Nilimkuta bibi uani anaanika korosho. Babu, mumewe, alikuwa ameketi kwenye mkeka anakaza nati za bomba lake la kupulizia salfa, dawa ya mikorosho. Pembeni yake alikuwepo mwanamke mzee, mdogo wa mwili, mwenye mikono mikubwa, rafiki wa bibi tangu walipochezwa unyago pamoja. Nikawaamkia wote, wakaitikia wote, nikaulizwa habari za Dar es Salaam, za mashine, za mwalimu, za jivii. Kisha bibi akanishika mkono akanipeleka ndani, rafiki yake akatufuata. Bibi akafungua khanga.

Mistari yangu minne ilikuwepo. Haikuwa ya zambarau tena, bali ilikuwa imechanjwa, imeinuka juu ya ngozi, myeusi yenye ubuluu, imepona, imenyooka kwa ustadi. Ndani ya mipaka yangu ilipita mistari ya pembepembe, safu kwa safu, kama ya usoni kwake. Na upande wa kulia, kwenye titi lake zima, kulikuwa na mistari mingine minne na pembepembe zake, sawasawa kabisa.

Nilikaa chini sakafuni.

"Wino wako ulikaa siku nne," bibi akasema. "Nilioga kwa kukwepa, nililala chali, wapi. Nikasema, dakitali kasema zisifutike kabisa. Na kitu kisichofutika, sisi huku tunajua kinavyofanywa."

"Mimi nilikwishaacha kazi hii," rafiki yake akasema. "Wasichana wa siku hizi wanataka poda. Lakini dakitali akiagiza nitakataaje? Masizi niliyopaka kwenye chale ni ya mbarika, ya kweli, si haya ya taa."

"Na huku kulia?" nikauliza.

Bibi akanishangaa. "Niache upande mmoja? Ningechekwa."

Nilicheka mpaka machozi, na niliogopa wakati huohuo. Maana bibi alikuwa anajifunga khanga yake kwa utulivu, akasema, "Kwa hiyo nimepona." Hapo ndipo nilipoelewa lile jibu la simu ya upepo. Kwetu chale si pambo tu. Ukiumwa kichwa unachanjwa kwenye paji, ukiumwa mgongo unachanjwa mgongoni, dawa inapakwa kwenye chale, na hayo ndiyo matibabu. Daktari wa Dar es Salaam amechora pa kuchanja, fundi amechanja, dawa imeingia, vidonda vimefunga, maumivu hakuna. Korosho ziko chini zinangoja kuokotwa. Mtu wa namna hiyo umwambie apande basi siku mbili kwenda kufanya nini?

"Ila mstari huu wa chini," fundi akasema, akiugusa kwa kidole juu ya khanga, "hapa unapokwenda ubavuni, ulikuwa umepanda. Nilitaka kuushusha. Huyu akanikatalia, eti nifuate dakitali."

"Ndivyo unavyotakiwa kitaalamu," nikamjibu haraka, bila hata kuufikiria.

Tulirudi uani nikaanza kueleza mionzi. Nilieleza vizuri sana. Nilieleza kobalti iliyomo ndani ya mashine, nikaeleza chembe za mwili, nikaeleza kwamba mionzi haionekani na hainuki. Walinisikiliza kwa adabu kamili, na babu akasinzia. Bibi alichambua korosho. Kila nilipomaliza kipengele alisema "eehe," nami nikajua kwamba simpati. Nikahesabu: leo Jumatano, kesho Alhamisi. Nikapandwa na hasira za kujikasirikia mwenyewe, nikapaza sauti mbele ya wakubwa zangu.

"Bibi, hamjapulizia!"

Babu akafumbua macho. "Hatujapulizia nini?"

"Salfa, babu! Hapa kifuani tumepima shamba tu. Tumeweka mipaka. Salfa yenyewe haijapita hata mara moja."

Babu akaweka spana chini. Nani asiyejua salfa? Ubwiri, ule ukungu mweupe, ukishashika maua ya mkorosho hakuna msimu, na ubwiri ule hauondoki kwa kuweka vigingi pembeni mwa shamba. Alinihoji vikali kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

"Mnapulizia mara moja?"

"Mara ishirini na tano, kidogo kidogo."

"Sawa. Ukimwaga yote siku moja unaunguza maua. Na mpuliziaji anajifunika?"

"Anatoka nje kabisa, anafunga mlango."

"Na upepo?"

"Humo ndani hamna upepo."

"Basi hao wanajua kazi," babu akasema, akamgeukia mkewe. "Wewe umeweka vigingi ukakaa kungoja korosho!"

Fundi alicheka akiyapigapiga magoti yake kwa viganja. Bibi hakucheka. Aliweka ungo chini akaniangalia mimi.

"Sasa uliniambia vile kwa nini?"

Ningeweza kusema mengi. Nilisema, "Nilikosea, bibi. Nilitaka nisikike kama daktari."

"Ulisikika," akasema.

Akauchukua tena ungo. Kisha akaniambia kwamba Ijumaa ni mbali, kesho yote ipo, na wake wenza husaidiana. Alhamisi nzima niliokota korosho. Niliinama kuanzia asubuhi mpaka mgongo ukawa si wangu, huku bibi akinifuata nyuma akiokota nilizoziruka na kunitungia matusi ya utani kwa Kimakonde, moja zuri kuliko jingine, na watoto wa jirani wakikaa juu ya ukuta kuangalia daktari anavyochekwa. Sijawahi kuchoka vile wala kufurahi vile. Usiku tukapata lori la korosho, na alfajiri ya Ijumaa bibi alikuwa Masasi ndani ya basi, kiti cha dirishani, na kifurushi cha muhogo mapajani.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kwenye chumba cha mashine, mwalimu, wenzangu wawili, mimi na bibi. Bibi alifungua khanga kwa madaha. Mwalimu akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani amechora?"

"Mimi, mwalimu. Na fundi wa Mnyambe."

"Na kulia?"

"Angechekwa."

Hapo mwalimu alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile. Alicheka bila sauti, amejishikilia kwenye kitanda cha mashine, mabega yanaruka, na bibi akazidi kujigeuza huku na huku ili kila mtu aone vizuri. Mmoja wa wenzangu aliuliza kama fundi yule anaweza kuja kufundisha. Nilijiona nimeshinda. Bibi amefika, nafasi ipo, mashine inanguruma ukutani.

Kisha mwalimu akachukua rula na ile karatasi ya vipimo, akapima, na kicheko kikamwisha. Akapima mara ya pili. Mstari wa chini, pale unapoelekea ubavuni, ulikuwa juu kwa upana wa vidole viwili. Fundi alikuwa amenifuata kwa uaminifu wote. Mwalimu alisema polepole kwamba tungeufuata mstari huu, ngozi iliyo chini yake ingebaki nje ya mionzi siku zote ishirini na tano, na ugonjwa ungeotea hapohapo. Hakunigombeza. Alichovya kijiti cha pamba kwenye jivii akanipa.

"Mweleze mwenyewe, halafu chora."

Makosa yangu mengine ya mafunzo niliyala pamoja na papai au niliyafuta kwa spiriti. Hili lilikuwa limechanjwa likapona kifuani kwa mtu. Aibu iliyonipata siwezi kuieleza, nilitamani sakafu inifiche.

"Mbona unachora tena?" bibi akauliza.

"Mstari wangu wa chini haukuwa sahihi, bibi. Rafiki yako aliuona. Mimi nikamjibu jeuri."

Aliutazama mstari, akaugusa, akatazama mlango. Khanga yake ilikuwa mkononi. Nilijua akiamua kuijifunga na kwenda kituo cha basi sina neno la kumzuia nalo, kwa sababu yote niliyokuwa nayo nilikwishayatumia.

"Kwa hiyo nimebeba kosa lako," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Mpaka nife."

"Ndiyo."

Nikachora. Nilipomaliza mwalimu akaangalia, akatikisa kichwa kukubali. Bibi akainuka kidogo kwa kiwiko.

"Huu ni sahihi?"

"Mwalimu ameuona, bibi."

"Sikukuuliza mwalimu. Nimekuuliza wewe."

Nikachukua rula. Nilianza upya kabisa, kutoka mfupa wa bega kushuka chini, kutoka katikati ya kifua kwenda ubavuni, pande zote nne, nikitaja kila kipimo kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili ili mwalimu asikie, kisha kwa Kimakonde. Nikalinganisha na karatasi, nikarudia ule wa chini mara tatu.

"Ni sahihi," nikasema.

Bibi akalala chali, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kichwa kama alivyoonyeshwa, akatazama lile jicho kubwa la mashine lililokuwa juu yake.

"Haya, tokeni nje," akasema. "Fungeni mlango."

Tukatoka. Mlango niliufunga mimi, nikasimama mbele ya runinga ndogo ya ukutani kumwangalia. Alikuwa peke yake mle ndani, na kwa dakika mbili nzima hakutikisa hata kidole.